Haisi Iwe Nyumba: Mwongozo wa Kuishi Ndani ya Gari Milimani Usambara

Kama kazi yako iko mahali pamoja, panga chumba Lushoto mjini, na fedha utakayookoa ifanyie jambo lingine. Gari hunywa mafuta, hula matairi na hudai bima kila mwaka. Nyumba ya magurudumu humlipa mtu ambaye kazi yake yenyewe ndiyo inayohama: mnunuzi wa viazi na karoti anayefuata magulio, fundi sola anayezunguka kati ya Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae, mwongoza watalii, mpiga picha, au mstaafu ambaye watoto wake wametawanyika na hataki kuwa mgeni wa kudumu kwa yeyote. Kama wewe ni mmoja wao, endelea kusoma.

Katika milima hii, mambo mawili ndiyo yataamua kama utadumu ndani ya gari au utalikimbia: uzito na unyevu. Kila unaponunua kitu au kutoboa tundu, jiulize kwanza: je, gari litabaki jepesi? Je, litabaki kavu? Uzuri wa ndani utaushughulikia baadaye.

Kwa nini Usambara ina masharti yake

Mombo iko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto takriban 1,400. Umbali kati yake ni kama kilomita 33 tu, nao ni wa kona juu ya kona kwenye barabara nyembamba. Kila kilo unayopanda nayo, injini itaivuta, na siku ya kushuka breki zitaizuia.

Kisha kuna maji. Masika hushika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na katikati yake kuna ukungu. Juni hadi Agosti ni baridi. Usiku joto huweza kukaribia nyuzi 10. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi kama glasi nzima ya maji au zaidi kwa usiku mmoja. Mvuke huo ukigusa bati baridi hugeuka matone, matone huingia nyuma ya plaiwudi, na huko kutu na ukungu mweusi huanza kazi bila wewe kuviona.

Kuchagua gari

Toyota Haisi inafaa kwa sababu za wazi. Spea zake zipo, na karibu kila fundi wa daladala anaijua. Mlango wake wa kuteleza uko kushoto, yaani upande wa watembea kwa miguu. Mlango wa nyuma huinuka juu na kuwa paa la kupikia mvua inaponyesha.

Haisi ya kisasa ya mizigo yenye bodi ndefu ina takriban futi 10 za urefu nyuma ya viti vya mbele, futi 5 za upana, na futi 4 na inchi 4 za kimo. Maana yake huwezi kusimama, na mtu mzima hatoshi kulala kwa kukingama. Kitanda lazima kifuate urefu wa gari.

Utakuta za aina mbili sokoni:

- Ya mizigo. Kuta zake zina madirisha machache, haipotezi joto haraka, nayo ni ya siri zaidi usiku. Mwanga na hewa ni haba.
- Ya abiria, mara nyingi kipanya kilichostaafu. Ina mwanga, madirisha yanafunguka, na sakafu ina matundu ya bolti za viti utakayoyatumia kufungia kitanda. Lakini vioo hivyo vyote hutoa jasho usiku, na gari limeshakimbia sana.

Kwa injini, dizeli za zamani zisizo na turbo, kama 3L na 5L, hupanda polepole lakini fundi wa kijijini anazimudu. Dizeli mpya zenye turbo, kama 2KD, huvuta vizuri mlimani, ila nozeli zake hazisamehe mafuta machafu.

*Kagua haya kabla ya kutoa fedha:*

1. Inua mazulia yote na uangalie sakafu kwa tochi. Bonyeza kwa bisibisi. Bati likizama, limeoza.
2. Tazama ngazi ya mlango wa kuteleza, mifereji ya maji ya paa, mabawa ya magurudumu na nyuma ya taa za nyuma.
3. Uliza gari lilifanya kazi wapi. Chumvi ya pwani ya Tanga au Dar es Salaam huacha kutu ambayo rangi mpya huificha tu.
4. Lipandishe mlima halisi, kisha lishushe. Breki zikinuka, zikilegea au zikivuta upande mmoja, huo ndio mwanzo wa majadiliano ya bei, au mwisho wake.
5. Inua viti vya mbele. Injini ya Haisi iko hapo chini. Ukiona mafuta yanavuja au waya zimeunganishwa ovyo, mwite fundi umeme wa magari kabla hujaendelea.

Karatasi kwanza, nyundo baadaye

Kadi ya usajili hueleza gari ni la aina gani na linabeba wangapi. Ukiondoa viti au kubadili rangi, kadi na gari vinaanza kupingana, na mkanganyiko huo utakuumiza kwenye ukaguzi wa trafiki na zaidi siku ya kudai bima.

- Kama gari lilikuwa daladala, hakikisha leseni yake ya LATRA imefungwa na michirizi ya njia imefutwa.
- Namba nyeupe ni za biashara, za njano ni za binafsi. Badilisha matumizi TRA, pamoja na umiliki na mabadiliko ya bodi.
- Mweleze wakala wa bima ukweli: gari la binafsi, lenye kitanda na jiko la gesi. Bima iliyokatwa kwa maelezo ya uongo ni karatasi tu.

Hesabu ya uzito

Andika makadirio kabla ya kwenda kwa seremala. Mfano wa watu wawili:

- Kuta na dari za plaiwudi nyembamba: kilo 60
- Kitanda cha mbao: kilo 40
- Godoro na mablanketi: kilo 15
- Kabati na meza ya jiko: kilo 30
- Betri, paneli na waya: kilo 50
- Maji, madumu matatu ya lita 20: kilo 60
- Gesi na jiko: kilo 18
- Nguo, vyombo na chakula: kilo 60
- Spea, jeki na zana: kilo 40
- Watu wawili: kilo 140

Jumla ni karibu kilo 510. Haisi ya mizigo kwa kawaida huruhusiwa kubeba takriban tani moja, kwa hiyo nusu inabaki kwa mizigo ya kazi yako. Ukibadilisha plaiwudi nyembamba kwa MDF na kuongeza kabati la ukutani, nafasi hiyo inayeyuka. MDF ina kosa la pili: ikinyonya unyevu huvimba na kumomonyoka.

Ujenzi, hatua kwa hatua

Mpangilio huu una sababu. Ukirukia hatua ya saba, utabomoa kazi ili kurudi kwenye ya pili.

1. Vua kila kitu. Ondoa viti, mazulia na dari. Bolti za viti zitunze kwenye kopo lenye alama.
2. Mwagia maji. Ingia ndani na tochi, mtu mwingine amwage maji kwa mpira juu ya paa na milangoni kwa nusu saa. Weka alama kwa chaki kila panapovuja. Badilisha mipira ya milango iliyochoka.
3. Tibu kutu. Piga brashi ya waya hadi bati safi, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Palipooza pakatwe na kuunganishwa na fundi bodi. Fundi welda akiwasha mashine, hakikisha waya za betri zimefunguliwa.
4. Pitisha waya za umeme. Zipitishe kwenye mabomba ya plastiki sasa, wakati kuta ziko wazi.
5. Zuia baridi. Tumia povu lisilonyonya maji: mikeka minene ya povu la kulalia, au povu gumu jeupe linalokuja kwenye makasha ya friji. Libandike moja kwa moja kwenye bati bila kuacha mwanya. Usitumie sponji ya godoro wala makumbi ya nazi, kwani hushika maji. Povu huwaka kwa urahisi, kwa hiyo lifunike lote na lisikaribie jiko.
6. Funika kuta. Plaiwudi ya milimita 6 inatosha. Ifunge kwa skrubu, si gundi wala misumari, ili uweze kuifungua na kutazama nyuma yake.
7. Jenga kitanda. Fremu iwe ya mbao mbili kwa mbili, juu plaiwudi ya milimita 12 iliyotobolewa matundu mengi ili godoro lipumue. Godoro la futi 3 kwa 6 huacha ujia wa futi 2. La futi 4 kwa 6 huacha futi moja tu. Kitanda pamoja na godoro kisizidi inchi 16 kutoka sakafuni, la sivyo kichwa kitagonga dari ukikaa. Fremu ifungwe kwa bolti kwenye matundu ya viti.
8. Weka jiko nyuma. Droo au meza ya kukunja karibu na mlango wa nyuma itakuwezesha kupika ukiwa umesimama nje, chini ya mlango ulioinuliwa.
9. Sawazisha mzigo. Betri na maji viwe chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kama kabati liko kulia, maji yakae kushoto.

*Kuhusu mbao:* Lushoto na Shume zina mashamba ya misindano na misaiprasi, kwa hiyo mbao si tatizo. Tatizo ni kwamba nyingi huuzwa mbichi. Ubao mbichi ndani ya gari lililofungwa hujipinda na kuota ukungu. Chagua uliokauka, mwepesi mkononi, na udai risiti. Mbao za msitu wa asili kama mkulo achana nazo. Bila kibali utazuiwa nazo kwenye kizuizi cha maliasili.

Umeme wa kutosha, si wa fahari

Anza na matumizi, ndipo ununue vifaa:

- Taa mbili za LED za wati 5, kwa saa 5: wati-saa 50
- Simu mbili: wati-saa 30
- Kompyuta mpakato ya wati 50, kwa saa 4: wati-saa 200
- Redio: wati-saa 20

Jumla ni wati-saa 300 kwa siku. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara itakufa mapema. Basi hesabu 600, yaani siku mbili bila jua. Paneli ya wati 200 ikipata saa 3 za jua kamili hutoa 600 kwenye karatasi. Baada ya upotevu tarajia kama 400. Siku za ukungu hazitafika hapo, ndiyo maana inafaa pia kuchaji kutoka kwenye altaneta, kwa kifaa kinachotenganisha betri mbili injini inapozimwa.

Kanuni tatu: betri ya kuwashia gari isiguswe kwa matumizi ya nyumbani, fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, na betri ya risasi iwe kwenye kasha lenye tundu la hewa kwenda nje, kwa sababu ikichajiwa hutoa gesi inayowaka.

Jiko, moto na baridi

> ONYO LA KUOKOA MAISHA
> Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari, hata kama makaa yameshakuwa mekundu na hayatoi moshi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, aliyelala haamki. Usilale pia injini ikiwa inanguruma. Kufungua dirisha kidogo hakufanyi jiko la mkaa kuwa salama.

Tumia mtungi wa gesi wa kilo 6. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi usimame wima ndani ya kasha lililotengwa na sehemu ya kulala, lenye tundu la kutolea hewa chini kabisa, linalotokea nje ya gari. Funga valvu kila unapomaliza kupika na kila unapoendesha. Kila unapobadili mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakikua, panavuja. Mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na mlango wa kuteleza, mahali utakapoufikia ukiwa ndani au nje.

Joto la usiku lipate kwingine: mablanketi mawili, chupa ya maji ya moto miguuni, pazia zito nyuma ya viti vya mbele, na vipande vya povu vilivyokatwa kwa umbo la kila dirisha. Hata hivyo acha madirisha mawili ya pande tofauti wazi kwa upana wa kidole, yakiwa na wavu wa mbu. Baridi kidogo yenye hewa kavu ni nafuu kuliko joto la unyevu. Asubuhi futa vioo kwa kitambaa na ukikamulie nje.

Maji na choo

Madumu ya lita 20 yanashinda tangi la kudumu: unayabeba hadi bombani, unayaosha na kuyaanika juani, na moja likipasuka unanunua jingine dukani. Tenga dumu moja la maji ya kunywa yaliyochemshwa, ulipake alama.

Kwa choo cha dharura, ndoo yenye kifuniko inatosha, na maranda kutoka kwenye mashine za mbao humaliza harufu. Mkojo uwekwe kwenye chombo chake. Ukichanganywa na kinyesi ndipo kero huanza. Ndoo imwagwe kwenye choo cha shimo kwa ruhusa ya mwenyewe, kamwe si korongoni. Vijito vya Usambara ni maji ya kunywa ya kijiji kilicho chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Hata sufuria zako zioshee mbali ya hapo.

Pa kuegesha, pa kulala

Mgeni anayelala ndani ya gari pembeni ya kijiji bila kujitambulisha atazua maswali, na maswali hayo ni halali. Fanya hivi:

1. Fika kabla jua halijazama.
2. Muulize mtu wa kwanza utakayemkuta alipo mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, uende kwake. Salimia, jitambulishe, eleza shughuli yako na siku utakazokaa.
3. Omba uelekezwe mahali: uwanja wa shule wakati wa likizo, kiwanja cha kanisa au msikiti, au ua wa nyumba ya wageni. Uani, lipia maji na choo bila kusubiri kudaiwa.
4. Ndani ya hifadhi kama Magamba, pata kwanza kibali cha TFS, wakala wa misitu. Vipo pia vipande vya msitu ambavyo wenyeji huvitunza kwa mila. Uliza kabla ya kuingia.

Kwa usalama wa ardhi, usilale chini ya ukingo uliokatwa wakati wa mvua, wala bondeni penye njia ya maji, wala chini ya mikaratusi mikubwa inayodondosha matawi. Tafuta mahali tambarare, weka gia, vuta breki ya mkono, na uweke mawe kwenye magurudumu mawili.

Kushuka salama

Panga vitu kwanza: sufuria iliyolegea huwa kombora kwenye kona. Asikae mtu kitandani gari likitembea. Kila abiria awe kwenye kiti chenye mkanda.

Kisha shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Injini ndiyo ikushikilie; breki ni za kukamilisha. Ukikanyaga breki mfululizo hadi Mombo, mafuta yake hupata joto hadi kuchemka, na pedali huzama bila kazi. Badilisha mafuta ya breki kabla ya kuanza maisha haya, hata kama muuzaji amekuapia ni mapya. Kabla ya kona finyu piga honi, na uwaachie mabasi nafasi. Kwenye njia za udongo, kama sehemu za kuelekea Mtae, mvua ikinyesha subiri udongo ukauke. Una kitanda na chai ndani, huna haraka.

Makosa yanayojirudia

- Kukata paa kuweka dirisha. Kila tundu juu ni uvujaji unaosubiri masika.
- Kujenga juu ya mfuniko wa injini au kuziba njia ya tairi la akiba lililo chini ya sakafu ya nyuma.
- Kununua friji kabla ya kujua kama unaihitaji. Hewa ya mlimani huhifadhi mboga vizuri.
- Kusahau chandarua kwa sababu Lushoto ni baridi. Usiku mmoja ukilazimika kulala Mombo utakukumbusha.
- Kutumia fedha yote kwenye ndani ya gari na kubaki na matairi vipara.

Orodha ya kuhakiki kabla ya safari ya kwanza

☐ Kadi, bima na namba vinalingana na gari lilivyo sasa
☐ Breki, matairi na tairi la akiba vimekaguliwa
☐ Jaribio la maji limefanyika, hakuna panapovuja
☐ Kitanda na kabati vimefungwa kwa bolti
☐ Gesi imejaribiwa kwa sabuni
☐ Mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za tahadhari na sanduku la huduma ya kwanza vipo
☐ Jeki, spana, tochi na mawe ya magurudumu vinafikika bila kushusha mzigo
☐ Umelala ndani angalau usiku mmoja wa mvua, gari likiwa nyumbani

Ukishatimiza yote hayo, bado usiuze viti vya gari. Viweke stoo, pamoja na lile kopo la bolti, hadi masika moja ipite juu ya paa lako. Baada ya hapo fungua skrubu za ukuta mmoja, tazama bati nyuma yake. Likiwa kavu, nawe bado unapenda maisha haya, viti vitafutie mteja. Likiwa na kutu, au moyo wako umerudi kwenye chumba chenye dari ya kusimama, kitanda kitatoka kwa bolti zilezile na Haisi itarudi kubeba watu au karoti.